Siku ya Kliniki ya Presha, Fungua na Kinywa

Swali la fizi mbovu na kiharusi linakuja kwa sura nyingi, lakini kiini chake ni kimoja. Msomaji wa Kashai anaona damu kwenye mswaki kila asubuhi na anataka kujua kama ndiyo kiharusi kinabisha hodi. Mwalimu wa Nshamba amesoma kwenye simu kwamba fizi mbovu zinaziba mishipa ya ubongo, na sasa anapanga kung'oa meno yote yaliyolegea kabla shule hazijafunguliwa. Mwingine, wa Kamachumu, mama yake alipooza upande mmoja siku chache baada ya kung'olewa jino, na ukoo mzima umeshamhukumu mganga wa meno.

Nitawajibu wote. Ila sitakaa sana kwenye nadharia. Nafasi kubwa nitaitumia kwa yale unayoweza kuyafanya ukiwa Bukoba mjini, Muleba au visiwani, kwa pesa uliyonayo.

## Jibu, kabla hujachoka kusoma

Ndiyo, uhusiano upo. Wenye ugonjwa mkali wa fizi hupata kiharusi mara nyingi zaidi kuliko wenye fizi nzima, hasa kiharusi kile cha mshipa kuziba. Watafiti wa Finland waliligusia hili tangu mwaka 1989, na baadaye Ujerumani na Marekani wakaliona vilevile.

Hapana, haijathibitishwa kwamba fizi ndizo zinazoleta kiharusi. Mwaka 2012 Chama cha Moyo cha Marekani kilipitia tafiti zilizokuwepo, kikakubali kwamba mambo haya mawili yanakwenda pamoja, lakini kikakataa kusema kuwa moja linazaa jingine. Sigara huharibu fizi na mishipa kwa wakati mmoja. Kisukari nacho hivyohivyo. Kwa hiyo si rahisi kujua nani amemleta nani.

Kuna hata jaribio lililofanyika Marekani kwa watu 280 waliokwisha kupata kiharusi au dalili zake za muda, wote wakiwa na ugonjwa wa fizi. Nusu walitibiwa fizi kwa kina, nusu kwa kiwango cha kawaida. Baada ya mwaka mmoja hapakuonekana tofauti ya kutegemewa kati yao. Anayekuuzia dawa ya kusukutua kwa maneno kwamba "inazuia kiharusi" anakuuzia ahadi isiyo na ushahidi.

## "Basi kwa nini nihangaike?"

Kwa sababu fizi zinaweza kukudhuru kwa njia ya kuzunguka. Ukoga unaokaa kwenye mpaka wa jino na ufizi hujaa vijidudu. Ufizi unavimba, unaachana na jino, panatokea mfuko. Kutoka mfuko huo vijidudu na uchafu wake huweza kuingia kwenye damu unapotafuna. Mwili unakaa katika hali ya kupambana mwaka mzima, na mishipa ya damu haipendi hali hiyo.

Mambo mawili yameonekana kwa uwazi zaidi:

- Presha. Huko Kraków, Poland, watu wapatao mia moja wenye presha walifuatiliwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2019. Waliotibiwa fizi kwa kina, presha yao ya juu ilishuka kwa takriban pointi 11 zaidi ya wenzao ndani ya miezi miwili. Ni utafiti mdogo, usiuchukue kama ruhusa ya kuacha vidonge.
- Kisukari. Kutibu fizi husaidia kushusha sukari kidogo kwa mwenye kisukari. Na sukari ikiwa juu, fizi hazipati nafuu. Vinashikana mkono.

Sasa weka hayo kwenye mizani ya nyumbani. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti waliwafuatilia wakazi wa Hai, Kilimanjaro, na wa sehemu ya Dar es Salaam kuhesabu viharusi vipya. Hai walikuta takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam takriban 316. Walipotafuta kinachowatenga wagonjwa na majirani zao wasiougua, walikuta presha, sigara, mafuta mabaya kwenye damu, ugonjwa wa moyo uliotangulia, na maambukizi ya VVU. Fizi hazikupimwa katika orodha hiyo, lakini ona: sigara na VVU ni maadui wakubwa wa fizi pia.

Kwa hiyo ushauri wangu wote unasimama hapa: usichague kati ya presha na fizi. Viangaliwe siku moja, kwa nauli moja.

## Jiangalie leo usiku

Ugonjwa wa fizi mara nyingi hauumi. Hapo ndipo unapotukamata: jino lililooza linakulaza macho, fizi zinaoza kimya miaka kumi. Chukua kioo, washa tochi ya simu, vuta mdomo wa juu kisha wa chini. Tafuta:

- ufizi mwekundu au wa zambarau, unaong'aa na kuvimba (ufizi mzima umekaza, hata kama una rangi nyeusi ya asili; weusi huo si ugonjwa);
- damu ukipiga mswaki, ukiuma embe, au madoa kwenye foronya asubuhi;
- harufu ya kinywa isiyoondoka hata baada ya kusafisha;
- meno yanayoonekana marefu kuliko zamani, au mwanya mpya mbele ambao hukuzaliwa nao;
- gamba gumu la njano au kahawia nyuma ya meno ya chini ya mbele. Huo ni ugaga, na mswaki hauuwezi tena;
- jino linalocheza ukilisukuma kwa ulimi;
- usaha ukibonyeza ufizi.

Mvuta sigara, wewe usijidanganye kwa kukosa damu. Moshi hubana mishipa midogo ya fizi, hivyo fizi za mvutaji huharibika bila kuvuja sana.

Na madoa ya kahawa? Wazee wetu wanaotafuna akamwani, zile buni kavu unazokaribishwa nazo kwenye nyumba ya Mhaya, wana meno yaliyobadilika rangi. Doa peke yake si ugonjwa. Usimpeleke bibi kukwanguliwa meno ili yawe meupe. Mpeleke kama fizi zina dalili hizo za juu.

## Makosa ninayoyasikia kila mara

"Zinatoka damu, kwa hiyo nimeacha kupiga mswaki hapo." Hili ndilo kosa baba wa makosa. Damu inatoka kwa sababu ukoga upo, ukiacha, unauongeza. Piga taratibu, kwa mswaki laini, mahali hapohapo. Kama ni ugonjwa wa mwanzo, ndani ya wiki mbili hivi damu hupungua sana au hukoma. Isipokoma, umeshajua: kuna ugaga chini ya ufizi au kuna jambo jingine, nenda ukaonekane.

"Nimenunua amoksilini na flajili dukani." Vidonge haviwezi kukwangua ugaga. Uvimbe utatulia wiki moja, utarudi, na safari ijayo dawa itakuwa dhaifu. Na flajili haikai tumboni pamoja na pombe, iwe lubisi au konyagi. Anayechanganya anaweza kutapika na moyo kumwenda mbio.

"Naweka asprini iliyosagwa kwenye ufizi." Inaunguza nyama. Utatoka na kidonda cheupe juu ya ugonjwa uliokuwa nao.

"Ni upungufu wa vitamini, nakula machungwa." Kula machungwa, ni mazuri. Lakini kwa watu wengi wanaovuja damu, sababu ni ukoga.

"Nasugua kwa mkaa na majivu, kwa nguvu." Unalimenya jino na kuusukuma ufizi ushuke. Meno yanang'aa, mizizi inabaki uchi.

"Muwa unasafisha." Muwa ni sukari yenye nyuzi. Meno yanahisi laini, vijidudu vinasherehekea.

"Nitang'oa yote niondokane na hatari." Mwalimu wa Nshamba, hapa nakuomba usubiri. Hakuna ushahidi kwamba kung'oa meno yanayotibika kunazuia kiharusi. Anayebaki bila meno huishia kwenye vyakula laini na vitamu, maharage na mboga za majani zikabaki kwenye sahani. Jino linalocheza sana na lenye usaha huenda likang'olewa, ndiyo, lakini aamue aliyelipima, si hofu yako.

## Kupiga mswaki kama mtu anayelenga ufizi

Wengi tunasugua meno tu. Ugonjwa uko mpakani, jino linapokutana na ufizi. Fanya hivi:

1. Nunua mswaki ulioandikwa laini. Mgumu hausafishi zaidi, unachubua tu. Ubadilishe kila miezi mitatu, au mapema zaidi nywele zikitawanyika.
2. Dawa yenye floridi, kiasi cha punje ya njegere. Povu jingi halina kazi.
3. Laza mswaki nusu ukiwa juu ya jino, nusu juu ya ufizi, umeinama kuelekea mpakani.
4. Tikisa mahali hapo kwa miendo mifupi, kisha fagia kuelekea ncha ya jino. Meno mawili au matatu kwa wakati mmoja. Usivute kama unafua kola ya shati.
5. Anza na nyuma ya meno ya chini ya mbele. Ndiko ugaga unakoanzia, na ndiko tunakofika tukiwa tumechoka.
6. Dakika mbili. Asubuhi, na usiku baada ya kila kitu. Wa usiku ndio usiopaswa kukosa, kwa sababu ukilala mate hupungua.
7. Tema, usisukutue kwa maji mengi.

Katikati ya meno mswaki haufiki. Uzi wa meno unapatikana kwenye maduka makubwa ya dawa mjini. Ukikosa, tumia kijiti laini kisicho na makali, kwa upole, bila kukichokonoa ndani ya nyama. Miezi ya Novemba na Desemba, msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, hili ni la lazima. Vijiguu vilivyosahaulika wakati wa kunyonyoa hukwama kati ya meno na kuuchoma ufizi, na mtu huja siku tatu baadaye akidai jino limeoza. Senene wenyewe sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni chumvi wanayokaangiwa, nawe una presha.

Mswaki wa mti je? Unafaa, kama ncha umeitafuna ikawa laini na unaupitisha mpakani, si kuusugua mbele tu huku unaongea na jirani. Upungufu wake ni floridi, hivyo usiku tumia dawa ya kawaida.

Maji ya chumvi? Nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji vuguvugu hutuliza ufizi uliovimba. Sukutua, tema. Mwenye presha asimeze.

## Siku ya kliniki

Katika hospitali na vituo vingi, siku za wagonjwa wa presha na kisukari zimepangwa. Tumia siku hiyohiyo. Kabla hujapanda gari, piga simu au mtume mtu aulize: mtaalamu wa kinywa na meno yupo siku gani, na je, wanasafisha au wanang'oa tu? Swali hili la pili ni muhimu. Sehemu nyingi nchini, huduma ya meno kwa miaka mingi imekuwa na maana ya kung'oa tu, na ukikaa kwenye kiti bila kusema neno, unaweza kutoka na pengo. Ukiwa Bukoba ulizia hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukiwa Muleba, ulizia Rubya, Ndolage au Kagondo, kutegemea upande unaotoka.

Kwa walioko Bumbire, Goziba na visiwa vingine, boti na hali ya ziwa ndizo zinazopanga ratiba. Usipande kwa ajili ya jino tu. Beba kadi ya presha, vidonge vyote, na kama una zaidi ya miaka arobaini beba na mwenzi wako naye apimwe.

Maneno ya kumwambia mtaalamu, kwa mpangilio huu:

- "Fizi zinavuja damu tangu wakati fulani."
- "Nina presha," au kisukari, au moyo, au mimba, au natumia ARV. Usione haya. Tanzania ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI hapahapa Kagera, mwaka 1983. Wataalamu wetu wamekulia katika habari hiyo. VVU vinaweza kuleta ugonjwa wa fizi wenye maumivu makali na kuoza kwa haraka, na tiba yake ni tofauti.
- "Natumia dawa hizi." Zionyeshe, usizitaje kwa rangi.
- "Naomba upime mifuko ya fizi na kuniambia kama nahitaji kusafishwa."

Kipimo cha mifuko ni kijiti chembamba chenye alama za milimita. Milimita moja hadi tatu ni sawa. Kuanzia nne, kuna kazi. Ukisikia "sita" au "saba", usikate tamaa, bali jua kwamba utarudi zaidi ya mara moja.

Mwombe akupime presha kabla hajaanza. Akikuta 180 kwa 110 au zaidi, na hakuna dharura, atakurudisha kwa daktari kwanza. Watu hukasirika: "Nimetoka Kyamyorwa asubuhi yote hii!" Usikasirike. Huenda ndiye aliyekuona mapema kuliko wote.

Gharama hutofautiana, na bima nazo hazilingani. Uliza dirishani kabla ya kukaa kwenye kiti: kusafisha kunalipiwa na kadi yangu, au nalipa mwenyewe?

Baada ya kusafishwa tegemea mambo matatu yasiyokutisha: damu kidogo siku moja au mbili, meno kusisimka kwa maji baridi kwa wiki kadhaa, na meno kuonekana marefu, mianya kuongezeka. Hili la mwisho huwaudhi wengi. Meno hayakurefuka, uvimbe ndio ulioshuka. Wapo waliorudi kijijini wakasema "kusafisha meno kunayalegeza". Yalikuwa yameshalegea, ugaga ulikuwa umeyashikilia.

## Dawa zako za presha na fizi zako

Hapa naomba usome mara mbili.

Amlodipini na nifedipini zinaweza kuotesha fizi. Ufizi unanenepa, unapanda juu ya meno kama mto, hasa mbele. Si wote wanaopata, na huzidi kwa asiyesafisha kinywa. Ukiona hivyo, nenda na kidonge mkononi ukamwambie daktari. Anaweza kubadilisha dawa. Usiache mwenyewe. Kuacha vidonge vya presha ghafla ni njia fupi ya kukiendea kiharusi ulichokuwa unakikimbia. Fenitoini, wanayopewa wenye degedege hata baada ya kiharusi, nayo ina tabia hiyohiyo ya kuotesha fizi.

Asprini ya kila siku na warfarini zinaongeza kuvuja damu. Mwambie anayetaka kukung'oa jino. Kwa asprini, mara nyingi jino hung'olewa bila kuiacha, na damu hudhibitiwa kwa kubana pamba na mshono. Warfarini inataka kipimo cha damu kwanza. Uamuzi si wako, wala wa shemeji yako aliyewahi kufanya kazi duka la dawa.

Na sasa msomaji wa Kamachumu. Pole na kuuguza. Utafiti mmoja wa mwaka 2010 uliona ongezeko dogo la viharusi na mshtuko wa moyo katika wiki nne za mwanzo baada ya matibabu ya meno yenye kukata au kung'oa, kisha hatari ikarudi ilivyokuwa. Kwa hiyo siwezi kusema jino halihusiki kabisa. Lakini kabla ya kumlaumu mtu, ulizeni nyumbani: mama alikuwa na presha? Ilipimwa siku ile? Je, aliacha vidonge, au asprini, "ili damu isitoke sana"? Mara nyingi jibu linapatikana kwenye kimfuko cha dawa ambacho hakikufunguliwa wiki nzima.

## Mlio na mgonjwa aliyepooza nyumbani

Sehemu hii haiulizwi sana, na mimi naona ndiyo yenye faida ya haraka kuliko zote. Mgonjwa wa kiharusi hufa si kwa ubongo tu. Wengi huchukuliwa na nimonia. Mate na chakula chenye vijidudu vya kinywani huteleza kwenda mapafuni kwa sababu koo halifungi vizuri. Kinywa kichafu, basi, ni hatari ya wiki hii, na usafi wake uko mikononi mwenu.

- Mkalishe. Mito mgongoni, kichwa kikiwa wima au kimeinama mbele kidogo. Msimpe uji akiwa amelala chali, hata kama ndivyo mlivyozoea kuwalisha wagonjwa. Kama hawezi kukaa, mgeuzeni ubavu, uso ukielekea chini, kitambaa chini ya shavu.
- Mtazameni akimeza. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti yake ikawa na maji baada ya kumeza, simamisheni, mkamwambie muuguzi. Msilazimishe.
- Kagueni shavu la upande uliopooza baada ya kila mlo. Hasikii hapo. Tonge la ndizi linaweza kukaa kati ya shavu na ufizi kutoka mchana hadi kesho yake, likichacha. Tumieni tochi, na kitambaa safi kilichozungushwa kwenye mpini wa kijiko. Msiingize kidole kati ya meno. Anaweza kuuma bila kutaka.
- Mswaki mdogo laini, dawa kidogo sana, maji kidogo sana. Piga, futa kwa kitambaa chenye unyevu, piga tena. Asimiminiwe maji ya kusukutua kama hawezi kuyatema.
- Hata anayelishwa kwa mpira wa puani asafishwe. Watu hudhani asiyekula hachafuki. Huchafuka zaidi, kwa kuwa hakuna kutafuna wala mate ya kutosha.
- Meno ya bandia yatoke usiku, yasuguliwe, yalale kwenye maji safi.
- Akipata nguvu, mpeni mswaki ashike mwenyewe kwa mkono mzima. Mpini mwembamba humtoroka. Uzungushieni kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli mpaka unenepe, ufunge kwa uzi. Fundi yeyote wa baiskeli anacho cha kutupa. Mmalizie wewe alipoachia.

Mara mbili kwa siku. Mgawane zamu, isiwe kazi ya binti mmoja aliyerudishwa nyumbani kuuguza.

## Kiharusi kikija

Kwa ufupi, maana haya lazima yawe kichwani:

- Uso umepinda upande mmoja, mkono au mguu umelegea ghafla, maneno yanakwama au hayaeleweki. Moja linatosha.
- Angalia saa, kumbuka dalili zilipoanza. Daktari atauliza hilo kwanza. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu, na baada ya picha ya ubongo.
- Msimpe asprini. Bila picha hakuna anayejua kama mshipa umeziba au umepasuka, na kama umepasuka mmemwongezea damu.
- Msimpe chakula, maji wala dawa ya mitishamba. Msimchanje. Mlazeni ubavu.
- Hospitali moja kwa moja. Mkitumwa Bugando, Mwanza, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko, lakini bado ni safari ya saa nyingi, kwa hiyo saa mliyoipoteza kwa mganga wa kienyeji haitarudi barabarani.
- Dalili zikiisha zenyewe baada ya dakika kumi, nendeni vilevile. Hilo ni onyo, na hatari kubwa iko kwenye siku chache zinazofuata.

## Ubishi uliobaki

"Babu hakuwahi kupiga mswaki na alifika miaka tisini." Inawezekana. Huenda pia hakuvuta sigara, alitembea shambani kila siku, na soda aliinywa siku ya arusi. Leta maisha yake yote, si mswaki wake peke yake.

"Sina dalili yoyote, nina miaka ishirini na minane." Basi wewe piga mswaki, pima presha ukipata nafasi, usianze sigara wala ugoro. Huhitaji kingine kutoka kwangu.

"Mimi ni mjamzito na fizi zimevimba." Ni kawaida ya homoni kuzidisha uvimbe, lakini si kawaida ya kuachwa. Kusafishwa meno ukiwa mjamzito ni salama. Sema umri wa mimba. Na presha ipimwe kila hudhurio, maana mswaki peke yake haukukingi na kifafa cha mimba.

"Nianze na lipi kama pesa inatosha kimoja tu?" Presha. Kipimo chake huchukua dakika, na ikiwa 140 kwa 90 au zaidi kwa kurudiarudia, vidonge hutangulia mambo mengine yote. Kisha mswaki laini, ambao haufiki bei ya kilo ya sukari. Kusafishwa na mtaalamu kutafuata kahawa ikishauzwa.